Siri ya kazi inamlinda nani?

Katika Ibanda, komuni ya mabenki na maofisi hapa Bukavu, mhasibu mkuu anaweza kufika kazini asubuhi na kabla ya saa sita awe amerudisha funguo. Hakuna taarifa ya awali, hakuna malipo ya kungojea. Sababu anayopewa ni fupi: ametoa siri ya kazi.

Sheria inampa mwajiri nguvu hiyo. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 kinaruhusu mkataba uvunjwe palepale kwa kosa zito, yaani pale ambapo upande mmoja hauwezi tena kulazimishwa kuendelea na mwingine. Na kuna makosa yasiyo na mjadala. Afisa wa benki anayemnong'oneza rafiki yake nani ameweka pesa ngapi, aondoke siku hiyo hiyo. Huu ni mji ambamo watu wenye silaha hubisha hodi usiku. Akiba ya mfanyabiashara wa Kadutu ikijulikana mtaani, kinachohatarishwa si biashara yake tu.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mistari ambayo wakubwa hawapendi kuisoma. Mwajiri lazima aandike barua ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo. Kupiga simu hakutoshi, wala ujumbe wa WhatsApp. Asipokuwa na sababu halali, mfanyakazi anaweza kwenda kwa Inspekta wa Kazi, kisha kortini, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 36.

Ugumu unaanza pale siri yenyewe inaponuka. Jean-Jacques Lumumba alikuwa kiongozi katika BGFIBank, Kinshasa. Mwaka 2016, akiwa amekimbilia ng'ambo, alitoa hati kuhusu pesa zilizopita kwa watu wa karibu na rais Joseph Kabila. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wa Afriland First Bank, walitoa nyaraka zilizomhusu Dan Gertler, mfanyabiashara aliyewekewa vikwazo na Marekani mwaka 2017. Benki ilikana tuhuma ikaenda kortini, na mwaka 2020 wawili hao walihukumiwa kifo Kinshasa bila wenyewe kuwepo. Kifo, kwa karatasi za benki!

Anayeuza orodha ya wateja kwa mshindani na anayeonyesha wizi hawawezi kuandikiwa barua moja. Hakimu wa kazi angeanza kwa kuuliza siri hiyo ilikuwa inamlinda nani, mteja au mwizi. Na wa kujibu ni mwajiri, kwa sababu aliyefukuzwa ameshatolewa nje ya geti, huku kompyuta, barua na madaftari ya hesabu yote yamebaki ndani.