Mhusika Si Mwigizaji: Funzo la Hattie McDaniel

Wahakiki wa tamthilia na filamu wamezoea kuwagawa wahusika katika mafungu: wakuu na wasaidizi, bapa na duara. Mgawanyo huo una manufaa yake. Hata hivyo, unapotumiwa kumhukumu mwigizaji badala ya mhusika, huzaa dhuluma. Maisha ya Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi aliyefahamika kwa kuigiza vijakazi, ni ushahidi tosha.

McDaniel alizaliwa mwaka 1893 mjini Wichita, jimbo la Kansas, kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alianza kwa kuimba jukwaani na redioni, kisha akahamia Los Angeles mwaka 1931. Huko Hollywood alifunguliwa mlango mmoja tu, nao ni wa jikoni. Aliigiza wapishi na yaya katika filamu chungu nzima, nyingi zikiwa hazikutaja hata jina lake. Kazi za studio zilipoadimika, alitumika katika nyumba za watu.

Mwaka 1939 aliigiza Mammy katika filamu ya Gone with the Wind. Ilipozinduliwa mjini Atlanta mwezi wa Disemba, hakuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliotawala Georgia. Tarehe 29 Februari 1940 alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Ndiye Mweusi wa kwanza kutuzwa. Lakini usiku huo huo aliketishwa pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Lawama hazikukawia. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alishikilia kuwa wahusika wa aina hiyo walidumisha taswira potovu ya Mweusi. Hoja hiyo ina uzito. Katika filamu hiyo Mammy hana familia wala jina lake mwenyewe. Maisha yake yote ni kuwatunza waliomtumikisha. Hata hivyo, McDaniel hakumwumba Mammy. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Swali linalomfaa mhakiki ni hili: je, mwigizaji alifanya nini na kidogo alichopewa?

Alifanya mengi. Katika Alice Adams (1935), kijakazi wake anaandaa chakula kwa uzito na kutojali hadi fahari ya bandia ya waajiri wake ikaumbuka mbele ya mgeni. Mwaka 1947 alipewa nafasi ya Beulah redioni, mhusika ambaye awali aliigizwa na mwanamume Mzungu, Marlin Hurt, aliyeigiza sauti ya mwanamke Mweusi. McDaniel alikubali kwa masharti: asilazimishwe kusema kwa lafudhi ya kubezwa, na awe na uwezo wa kubadilisha mswada. Kwa wasomi wa lugha, hilo ndilo tendo lake kubwa. Alitambua kuwa kebehi ilikaa katika matamshi kuliko katika aproni.

Nje ya studio, mwaka 1945 yeye na majirani wake Weusi walishinda kesi mahakamani dhidi ya waliotaka kuwafukuza katika mtaa wao wa Los Angeles. Mwaka 1951 alirekodi vipindi vichache tu vya Beulah vya runinga kabla ya maradhi kumzidi. Alifariki mwaka 1952, na makaburi ya Hollywood aliyotamani kuzikwa yakamkataa. Ilipita miaka 51 tangu atuzwe kabla ya mwanamke mwingine Mweusi, Whoopi Goldberg, kupata Oscar ya uigizaji mwaka 1991.

Jukwaa la Kiswahili nalo lina mabawabu na yaya wake, ambao aghalabu hupewa Kiswahili kilichovunjika ili hadhira icheke. Mhakiki anapokutana nao, na aulize kwanza ni nani aliyewaandikia lugha hiyo na kwa faida ya nani. Kisha amtazame mwigizaji kwa makini: pengine ndiye pekee aliyempa mhusika huyo utu.