Mtandao wa ofisi ukikatika, usikimbilie seva mpya

Katika ofisi nyingi za biashara, faili likigoma karani akiwa katikati ya kuandika ankara, lawama zote huiangukia seva. Muuzaji wa kompyuta huitwa, makadirio ya bei huletwa, na fedha iliyotengwa kwa shehena ijayo hununulia mashine mpya. Muda si mrefu mawasiliano hukatika tena. Huko ni kulipia dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Kwanza, intaneti isisingiziwe. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Tanzania na Kenya. Lakini kompyuta na seva zilizomo katika jengo moja hazihitaji nyaya hizo ili zipeane mafaili. Kati yake kuna waya, swichi na mipangilio, na hapo ndipo pa kutafuta.

Swali la kwanza ni nani anakatikiwa. Akiwa karani mmoja tu, waya wake ubadilishwe na wa jirani. Tatizo likihama pamoja na waya, mchawi amepatikana. Aidha, waya wa shaba haupaswi kuzidi mita 100. Wakikatikiwa wote kwa mpigo, ikaguliwe swichi na umeme wake. Wapo wanaoipa seva betri ya akiba na kuisahau swichi. Umeme ukipepesa, swichi huzimika na ofisi nzima husimama, ingawa seva inawaka.

Swali la pili ni lini. Seva za Windows, kwa mpangilio wa kawaida, hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kazi. Programu nyingi hujiunga tena zenyewe, lakini baadhi ya zile za zamani hushindwa. Kompyuta nayo yaweza kuzima kadi yake ya mtandao ili kubana umeme. Yote mawili hurekebishwa bila kununua kitu. Mtandao ukilemaa wakati wa kazi nyingi, huenda swichi na kadi hazijaafikiana: upande mmoja hutuma na kupokea kwa pamoja, mwingine kwa zamu.

Suala hili si la mafundi peke yao. Programu ya hesabu inayotunza vitabu katika faili la pamoja ikikatwa katikati ya kuandika, faili hilo laweza kuharibika. Mwenye hisa anayesoma salio la ghala kutoka humo anasoma namba zisizoaminika. Nakala ya akiba ya kila siku ni ya lazima.

Kwa hiyo daftari litangulie hundi. Kwa wiki moja, kila tukio liandikwe: saa ngapi, kompyuta ipi, kazi gani. Fundi asiyetaka kuliona daftari hilo kabla ya kutaja bei amekuja kuuza, hakuja kutengeneza.