Mto Ukihama, Haki Isihame



Mto Pangani na Luengera haiheshimu hati ya mtu. Zinapokuja mvua kubwa, kama zile za Oktoba 2019 zilizoua watu na kukata barabara Handeni na Korogwe, ukingo mmoja humomonyoka na mchanga hujaa upande wa pili. Mkulima wa huku hupoteza shamba. Ng'ambo huzaliwa ardhi mpya yenye rutuba.

Hayo ni ya maumbile, hatuyalalamikii. Twalalamikia yale ya wanadamu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria njema. Lakini mto ukisogea, mita 60 nazo husogea, zikaingia shambani mwa mjane, naye akaitwa mvamizi penye makaburi ya wazee wake. Twauliza: aliyevamia ni nani, mama huyo au mto? Na mkondo wa zamani ukikauka, ni nani anayeutwaa?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa ardhi, si mmiliki. Basi, viongozi walei, hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji mkadai mambo mawili: mipaka iwekewe alama za kudumu, isiandikwe "hadi mtoni", na ardhi iliyoachwa na mto wapewe kwanza walionyang'anywa na mto.

Torati humlaani asogezaye mpaka wa jirani yake. Mto hauna dhambi. Anayo yule ajifichaye nyuma yake.