DHIKI HAIHALALISHI KUUZA WATOTO



Limezoeleka vinywani mwetu neno hili: "Wafanyeje? Ni dhiki." Twalisema kila tumwonapo binti mdogo, au mvulana, akifuatana na mgeni wa umri wa babu yake huko Malindi, Mtwapa au Diani. Tukishalisema, twajiona tumetoka katika dhima. Hatukutoka!

Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF walitoa uchunguzi wao: wasichana baina ya 10,000 na 15,000 wa pwani hii walikuwa wakitumiwa kwa uchafu huo. Na sehemu kubwa ya wateja walikuwa wenyeji. Basi tusiwatupie wageni lawama yote.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Bani Israil aya ya 31, amekataza kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara. Ikiwa hofu ya njaa haikuhalalisha kumuua mtoto, itahalalisha vipi kumuuza? Na katika Suratun Nur aya ya 33 amekataza waziwazi kuwatia wasichana katika uzinifu kwa kutaka pato la dunia. Mzazi apokeaye fedha za mtoto asiye na kazi, asiulize zimetoka wapi, na ajitazame katika aya hiyo. Kadhalika dalali, na mwenye nyumba apangishaye akijua.

Lakini msidhani namwandama maskini peke yake. Enyi matajiri, zaka zenu ziko wapi? Kila Ramadhani mwapanga watu foleni mlangoni, kila mmoja mkampa noti isiyofika jioni. Hivyo sivyo tulivyofundishwa. Imamu Nawawi, na wanavyuoni wengine wa madhehebu yetu ya Shafi, wamesema fakiri apewe cha kumtosha, na mwenye kazi apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake. Mjane apewe cherehani, mvuvi nyavu, yatima karo. Kusanyeni zaka za mtaa mmoja, muanze na nyumba ambazo watoto wake wako hatarini.

Na jambo la aibu zaidi: mtoto akishaharibiwa twamtoa chuoni, na posa hapati; aliyemharibu twampa mkono msikitini. Huu ni uadilifu gani? Mtoto huyo amedhulumiwa. Arudishwe chuoni, asitiriwe. Mdhalimu wake ashitakiwe, hata akiwa jamaa yetu.

Kesho mbele ya Mola hatutaweza kusema hatukujua. Twajua.

Wabillahi tawfiq.