Tulikuambia, Wewe Ukacheka!

Wiki hii naomba tuachane kidogo na mitindo ya nywele na viatu, tupande basi pale Mbagala Rangi Tatu, tupite Mkuranga na Bungu mpaka Kibiti. Usinune, habari za wachumba zimo humo humo.

Hapa Dar ukitaka kumjua kijana wa Kindengereko, usimuulize kabila lake. Hatakuambia ng'o! Atasema, "Mimi mtu wa Pwani." Muulize Pwani ipi, anaanza kuangalia saa. Anaogopa watani zake Wazaramo watamcheka, na anaogopa zaidi yule mrembo aliyekaa naye meza moja asije akamwona mshamba. Mimi ni Mndengereko kwa baba na kwa mama, nimezaliwa Temeke, kwa hiyo mchezo huo wa kuangalia saa naujua vizuri.

Kwanza tuwekane sawa. Wapo wanaodhani Kindengereko ni Kiswahili kilichopinda. Si kweli. Ni lugha kamili, ina sarufi yake, na wataalamu wanaiweka kundi moja na Kirufiji (ambacho wengine hukiita Kiruihi), Kimatumbi na Kingindo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Sweden, Eva-Marie Ström wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, alitoa tasnifu nzima kuhusu lugha hii, na jina kaliandika kwa L: Ndengeleko. Hebu fikiria, mtu anatoka kwenye barafu huko, anavuka bahari kuja kusikiliza bibi zetu wanavyoongea. Sisi nauli ya Kibiti tu inatushinda, ila ya kwenda disko haijawahi kupungua!

Sasa sikia uhondo. Ukivuka Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003, ukaelekea kusini, unaviona vilima vya Umatumbi. Hao ni ndugu zetu wa milimani. Mmarekani mmoja, David Odden, aliwaandikia kitabu kizima kuhusu sauti na maneno ya lugha yao, kikatoka mwaka 1996. Kile chombo ambacho wewe unakiita kikaango, Mmatumbi anakiita kikalango. Unaiona hiyo L? Kiswahili kiliimeza zamani sana. Ndiyo maana sisi tunasema njaa, wakati Mnyakyusa anasema injala na Mmalawi anasema njala. Kwa hiyo yule babu unayemcheka kwamba anapindisha maneno, huenda ndiye aliyeyashika yakiwa mazima, wewe ndiye umepewa yaliyopungua herufi. Nani mshamba hapo?

Kuna na maneno yaliyobebwa na mto wenyewe. Muulize kijana wa Sinza mlau ni nini, atakwambia labda ni jina la bendi. Mlau ni kilimo cha bonde la Rufiji cha kuwahi ardhi yenye unyevu mara tu maji ya mafuriko yanapopungua. Watu walikuwa wakiishi huko huko bondeni, wakilala juu ya madungu shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Mwaka 1968 na 1969 wengi walihamishiwa vijijini, kwenye ardhi ya juu. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa kimewekwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mtoto akawa anaamka kwenye kijiji kipya, darasani Kiswahili, kisimani Kiswahili, na Kindengereko kikabaki cha jioni, cha bibi na babu.

Silaumu Kiswahili hata kidogo. Kingekosekana, ningekuandikia kwa lugha gani? Ila wapo wanaosema kuongea lugha ya nyumbani ni ukabila. Hao nawakumbusha Majimaji. Vita vilianzia huko huko milimani Umatumbi, Nandete, Julai 1905, kwa kung'oa pamba ya Mjerumani. Kinjikitile wa Ngarambe akanyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Waliopigana walikuwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, kila mmoja na lugha ya mama yake mdomoni. Umoja waliupata, na hakuna aliyeambiwa aiache kwanza lugha yake ndipo apewe maji ya dawa.

Lakini msomaji wangu, najua unasubiri habari za wachumba. Haya.

Mshikaji wangu mmoja, jina namfichia, alimpeleka mchumba wake kwao, kijiji kimoja upande wa Bungu, kumtambulisha. Mama yangu alikuwemo kwenye msafara, yeye ndiye aliyenisimulia. Wamepokelewa vizuri, wali wa nazi umeliwa, mkeka umetandikwa chini ya mwembe. Mara mashangazi na baba mkubwa wakaanza kuongea Kindengereko. Hawakunong'ona, waliongea huku wakimtazama kijana usoni. Yeye akawa anatabasamu na kutikisa kichwa, bwana mkubwa mbele ya mtoto wa kike! Binti naye kaona mwenzake anacheka, akacheka. Mama akajua kijana anasikia.

Miezi imepita, jamaa anarudi kijijini kuulizia mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba yake, ili auze mavuno atoe mahari. Anakuta watu wengine wanaokota korosho. Shamba limewekwa rehani kwa misimu miwili, kulipa deni la matibabu ya mzee. Akapandisha hasira.

"Shangazi, mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, mwanangu. Siku ile ya mchumba wako. Tukakuuliza kama umeridhia, wewe ukacheka."

Jamaa hana la kujibu. Wazee hawakumdhulumu, walimheshimu kama mtoto wa nyumbani, wakamwambia jambo zito kwa lugha ya mambo mazito. Lile tabasamu lake wao walilihesabu kuwa ndiyo. Harusi ikasogezwa mbele mpaka misimu ipite. Bahati yake binti ni mvumilivu, angekuwa wa aina ile ninayoijua mimi, saa hizi angekuwa ameshaolewa Kigamboni.

Ndiyo nasema, lugha ya nyumbani si pambo la siku ya ngoma. Ndani yake wazee wanagawa mashamba, wanataja mipaka, wanasema nani ni ndugu yako wa damu usije ukamposa. Usipoisikia, unabaki mgeni kwenye mambo yako mwenyewe, na wageni hawaulizwi mara mbili.

Dawa yake haihitaji digrii. Una simu mfukoni, imejaa picha zako umebinua midomo. Siku ukienda kwa bibi, mwekee mbele umrekodi akihesabu moja mpaka kumi, akitaja samaki wa delta, akikutukana kwa upendo. Jifunze maneno matatu kila wiki, na umwamkie kwa lugha yake umwone atakavyochangamka.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Na wewe kaka uliyesoma mpaka hapa huku unaangalia saa, nimekuona!