Dhahabu Iliondoka, Mashimo Yakabaki

Na Rehema Cheruiyot

Nakuru haina dhahabu. Miamba tunayoikanyaga ni michanga, imetapikwa na volkano kama Menengai, ilhali dhahabu ya Kakamega imelala ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hata hivyo kisa cha dhahabu hiyo kinatuhusu, kwa sababu kilianzia kwenye mashamba ya Bonde la Ufa.

Kufikia 1931 bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka duniani na nzige walikuwa wamefyeka mimea. Walowezi walizama katika madeni. Mmoja wao, L.A. Johnson, Mmarekani aliyelima karibu na Turbo, alikwenda kutafuta dhahabu katika eneo la mto Yala, akaipata. Basi wenzake wakaacha mashamba, wakapiga mahema Kakamega. Katika muda mfupi Wazungu wapatao 1,000 walikuwa wakifukua ardhi ya Waluhya.

Ardhi hiyo ilikuwa na ulinzi. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba maeneo waliyotengewa ni yao milele, na kwamba kipande kikitwaliwa watapewa kingine cha thamani ileile. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha mbiombio: ardhi ya kuchimba madini ingetwaliwa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine, na bila baraza la wenyeji kuulizwa. Haya yalifanyika wakati Tume ya Carter ikizunguka nchini kusikiliza vilio vya ardhi! Milele ya Waluhya ilidumu miaka miwili. Huo ulikuwa wizi, hata kama ulipigiwa kura bungeni.

Wengi wa wachimbaji wadogo waliishiwa upesi, yakabaki makampuni. Mgodi wa Rosterman, kando ya mji wa Kakamega, ulitoa takriban wakia 250,000 kati ya 1935 na 1952, kisha ukafungwa. Kampuni ikaenda zake. Leo wenyeji wanateremka kwa kamba katika eneo lilelile wakisaka masalio, na wanawake wanasafisha unga wa mawe kwa zebaki, mikono mitupu. Udongo ukiporomoka, wanaofukiwa ni wao.

Sasa tujitazame. Sisi tuna matimbo ya mawe. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe hayo, na vijana wengi hupata riziki humo, sitaki yafungwe. Lakini mawe yakiisha, mwenye timbo huhamia kwingine, mvua ikalijaza maji, watoto wakaligeuza bwawa la kuogelea. Mama akiomboleza ukingoni, hakuna wa kumshtaki.

Sheria ya Madini ya 2016 inataka mchimbaji aweke dhamana ya kuirudisha ardhi katika hali nzuri. Timbo la kawaida linachimbwa na kuachwa kana kwamba sheria hiyo haijaandikwa. Kaunti nayo haisahau kutoza ushuru kila lori la mawe linalopita barabarani.

Nawaomba wawakilishi wadi wa Nakuru wafanye mambo mawili katika bajeti ijayo. Watenge sehemu ya ushuru huo kuzungushia ua na kufukia matimbo ambayo wenyewe wamekwisha kutoweka. Na wasikubali timbo jipya lifunguliwe kabla mwenye nalo hajaweka fedha za kulifukia.