Nembo ya Watu wa Sigi

Mwaka uliopita nilisimama uwanjani katika kijiji kimoja cha Muheza, ngoma zikivuma na akina mama wamefunga kanga za sare, nikalitazama bango la tamasha la watu wa Sigi lililotundikwa juu ya jukwaa: twiga mmoja, mti wa mgunga uliotandaza matawi kama mwavuli, na jua jekundu likizama nyuma yao. Mzee aliyeketi ubavuni pangu, ambaye umri wake wote ameupitisha baina ya mashina ya iliki na vijito vya Usambara, aliniuliza kwa taratibu, "Mwanangu, twiga huyu amefuata nini huku kwetu?" Sikuwa na jawabu, na aghalabu mchoraji naye hakuwa nalo.

Nembo humfikia mgeni kabla ngoma hazijamfikia, na mwenyeji akiiona hana budi kujitambua. Waasisi wa tamasha la filamu la Unguja walilifahamu jambo hili walipoliita, tangu 1998, Tamasha la Nchi za Jahazi. Kwani ni nani wa pwani hii, tangu Lamu hata Maskati, asiyelijua tanga la jahazi?

Basi bonde la Sigi, ambalo mto wake ndio ulinyweshao Jiji la Tanga kwa bwawa la Mabayani, litangulize nini? Wako watakaotaka simba, kwa taadhima ya Simba Mwene, mfalme wa Vugha; walakini Vugha iko ng'ambo ya bonde la Lwengera, na simba, jamani, amekwisha chakaa kwa nembo. Rai yangu ni lile ua dogo la zambarau liotalo juu ya majabali yenye unyevu, lenye petali tano, kitovu cha manjano, na majani manene yenye malaika kama shavu la mvulana. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ulaya. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, na leo humea vyunguni, madirishani pa watu wasioijua Usambara. Atakayedai kwamba ua hili ni la wageni kwa sababu ya jina, akumbuke kwamba majabali liliyootea hayakupata kuhama.

Tena lachoreka: mchora mabango wa Muheza ataliweza kwa brashi moja, nalo litakaa vyema katika mji wa kanga. Kamati ya tamasha na imlipie msanii nauli ya basi la Amani, ashuke Sigi, alitazame kwa macho yake kabla hajashika kalamu.